Kemo si hukumu ya kifo

Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, utasikia: "Ukianza dripu za kemo, umekwisha." Si kweli. Kemo ni dawa za saratani. Hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za nywele, ndiyo maana nywele hunyonyoka. Kwa kawaida huota tena. Dawa ya kichefuchefu hutolewa kabla ya dripu, usingoje kutapika.

Cha kuogopa hasa ni homa. Mara nyingi siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Panadoli huificha tu.

Kabla ya kukataa, muulize daktari: tiba inalenga kuponya, au kutuliza na kurefusha maisha? Baadhi ya dawa hutia ganzi vidoleni. Anayetegemea vidole kazini, kama mshona nyavu, aseme mapema, dozi inaweza kupunguzwa.