Mwamba uliopitiwa na maji miaka mingi si ule wa mwanzo

Kila ninapokabidhiwa modeli ya eneo la mafuta lililozeeka, swali langu la kwanza ni: upenyezaji wa mwamba, yaani wepesi wake wa kupitisha maji na mafuta, ulipimwa lini? Mara nyingi vipimo ni vya sampuli zilizokatwa kabla maji hayajaanza kusukumwa chini. Hapo huingiwa na wasiwasi, kwa sababu maji yanayofukuza mafuta huugeuza mwamba wenyewe.

Chukua mwamba wa mchanga. Katikati ya punje zake huwa kuna udongo wa mfinyanzi. Yakiingia maji yenye chumvi kidogo kuliko yale ya asili, smektaiti, aina mojawapo ya udongo huo, huyanywa na kuvimba. Kaolinaiti, aina nyingine, haivimbi hivyo; chembe zake hubanduka, huchukuliwa na mkondo, kisha hukwama penye vinyweleo (vitundu vya ndani ya mwamba) vyembamba. Upenyezaji hushuka. Lakini kwenye tabaka lenye vinyweleo vipana chembe hizohizo hupata njia ya kutoka, na tabaka hilo huzidi kufunguka. Maji yakishaizoea njia hiyo, huifuata mwaka baada ya mwaka, huku mafuta ya tabaka jirani yakibaki palepale. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: wastani wa upenyezaji unaweza kuonekana uleule, kumbe pengo kati ya tabaka na tabaka limepanuka.

Chaki, mwamba laini wa chokaa, ina kisa chake. Huko Ekofisk, eneo la mafuta lililo upande wa Norwe wa Bahari ya Kaskazini, mwaka 1984 iligundulika kwamba sakafu ya bahari ilikuwa imedidimia. Mwaka 1987 majukwaa yalinyanyuliwa mita 6, na mwaka huohuo usukumaji wa maji kwa kiwango kikubwa ukaanza. Baadaye shinikizo ndani ya mwamba lilipanda, ila sakafu iliendelea kushuka. Maji ya bahari yalikuwa yanailegeza chaki: yakigusana nayo kwenye joto la chini kule, magnesi huingia na kalsi hutoka, na mifupa ya mwamba hupoteza nguvu ya kubeba uzito ulio juu yake.

Jirani na kisima cha kusukumia, maji baridi husinyaza mwamba wa moto hadi ukapasuka. Nyufa hizo hurahisisha usukumaji, lakini zikirefuka kuelekea kisima cha uzalishaji, maji hukata njia ya mkato.

Ndiyo maana huomba kwamba kisima kipya kikichimbwa katika eneo lililokwisha kupitiwa na maji, sampuli ikatwe hapo na kupimwa sambamba na ya zamani kutoka tabaka lilelile. Ni gharama, najua. Lakini modeli inayotumia vipimo vya mwanzo pekee huelekeza visima kwenye mwamba ambao haupo tena.