Shabiki wa ngumi na rangi ya bondia: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Shabiki humshangilia wa rangi yake, basi.

Kinshasa, alfajiri ya Oktoba 30, 1974. George Foreman na Muhammad Ali wote ni Wamarekani weusi, lakini uwanja mzima ni wa mtu mmoja: “Ali, boma ye!”, yaani “Ali, muue!” kwa Kilingala. Ali alikuwa amekataa kwenda vitani Vietnam, akavuliwa ubingwa mwaka 1967. Foreman alikumbukwa kwa kupeperusha kibendera cha Marekani ulingoni aliposhinda dhahabu ya Olimpiki, Mexico 1968. Tena alitua Zaire, yaani Kongo ya leo, na mbwa aina ya German shepherd, na Wakongo walikuwa hawajasahau mbwa wa namna hiyo walivyotumiwa na polisi wa Kibelgiji. Foreman hakukusudia ubaya wowote, ila kabla hajavaa glavu alishakuwa mgeni. Akalala chini raundi ya nane.

Dhana: Joe Frazier alikuwa bondia wa wazungu.

Hili linaniuma kuliko mengine yote. Frazier alizaliwa Beaufort, South Carolina, katika familia kubwa ya wakulima weusi maskini, kwenye Kusini ya ubaguzi. Ali alipofungiwa, Frazier alimtetea arudishiwe leseni, akamsaidia hata fedha. Lakini kuelekea pambano lao la Machi 8, 1971, Madison Square Garden, Ali alimwita kibaraka wa wazungu, na weusi wengi wakaamini. Wazungu waliomchukia Ali kwa sababu ya Vietnam nao wakahamia kwa Frazier bila yeye kuwaita. Alimwangusha Ali raundi ya 15 na kushinda kwa pointi, lakini jina lile lilimganda, na kinyongo akakaa nacho miaka mingi. Maneno ya kunogesha pambano yalimvua mtu asili yake mbele ya watu wake mwenyewe, na sioni cha kusifia hapo hata kama Ali ndiye nimpendaye.

Dhana: Damu ni damu, Mmeksiko atamshangilia Mmeksiko.

Atamshangilia yupi? Oscar De La Hoya alizaliwa Los Angeles kwa wazazi wa Kimeksiko. Juni 7, 1996, Las Vegas, alipopanda ulingoni na Julio César Chávez, wengi wa damu yake walikuwa upande wa Chávez, na De La Hoya akazomewa. Walimwona kijana wa matangazo ya biashara. Chávez ndiye aliyekulia nyumbani, Meksiko, akipigana kwa kusonga mbele na kupiga mbavu. De La Hoya alishinda raundi ya nne, na bado hawakumpenda.

Dhana: Max Schmeling alikuwa Mnazi, ndiyo maana Wamarekani walimchukia.

Bondia huyu Mjerumani hakuwahi kujiunga na chama cha Nazi, na meneja wake, Joe Jacobs, alikuwa Myahudi. Novemba 1938 aliwaficha vijana wawili wa Kiyahudi. Miezi michache kabla, Juni 22, Joe Louis alimmaliza raundi ya kwanza, na usiku ule wazungu wengi wa Marekani walimshangilia mweusi kwa sababu mpinzani alibebeshwa bendera ya Hitler.

Dhana: Ni kelele za ulingoni tu, hazimdhuru mtu.

Julai 4, 1910, Reno, Nevada, Jack Johnson alimshinda Jim Jeffries, mzungu aliyerudishwa kutoka kustaafu ili amvue ubingwa mweusi huyo. Habari zilipofika mijini, magenge ya wazungu yaliwavamia weusi waliokuwa wakisherehekea, na watu wakauawa, wengi wao weusi. Mwaka 1912 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo. Johnson alipoupoteza mkanda wa uzito wa juu mwaka 1915, hakuna mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea tena hadi Louis, mwaka 1937. Naye alikuwa ameonywa na mameneja wake asipigwe picha akiwa peke yake na mwanamke wa kizungu, wala asitabasamu juu ya mzungu aliyeanguka.