Je, Mombasa ilikodishwa kwa miaka 50?

Hoja hii haiishi mabarazani Mombasa: eti Mwambao, yaani ukanda wa pwani wenye Mombasa, ulikodishwa kwa Kenya mwaka 1963 kwa miaka 50, muda umekwisha, basi urudi. Sivyo, ingawa hiyo miaka 50 ina asili yake. Imo katika mkataba wa 1887, Sultani Barghash wa Zanzibar alipoikabidhi kampuni ya Waingereza utawala wa pwani kutoka mto Umba hadi Kipini.

Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilishika nafasi ya kampuni, ikawa inamlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka. Kwa hivyo bara lilipofanywa koloni mwaka 1920, ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni ulibaki himaya, yaani milki ya Sultani iliyotawaliwa na Uingereza, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa.

Fikiria mwenye nyumba aliyempa msimamizi jengo lake. Msimamizi anapangisha, anakarabati, anafukuza mpangaji. Hati bado ina jina la mwenyewe. Ndivyo Uingereza ilivyokuwa. Isingeweza kuipa Kenya kisicho chake, ikabidi Sultani mwenyewe atie saini.

James Robertson, kamishna aliyetumwa 1961 kuchunguza hatima ya ukanda, aliwasikiliza waliotaka Mwambao ujitawale, kisha akapendekeza uunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Tarehe 8 mkataba ukasainiwa London: Kenya ikipata uhuru, ukanda utakoma kuwa milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya. Haukutaja muda, wala kodi, wala kurudishwa.

Kinachofaa kudaiwa, basi, ni ahadi za zile barua: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, watawala Waislamu penye Waislamu wengi kadiri inavyowezekana, Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizokwisha sajiliwa. Kadhi yumo katika Katiba ya 2010, vifungu vya 169 na 170.

Ahadi ya hati ndiyo iliyoumiza. Sheria ya 1908 iliwataka watu wa ukanda waandikishe madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, kwa hivyo barua za 1963 ziliwalinda wenye hati na kuwaacha wengine maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Mjini yakabaki majumba bila ardhi, kama kule Majengo: kuta na paa ni vyako, lakini kiwanja ni cha mwingine na kodi yake unalipa.