Dozi ya homoni ya thairoidi haipangwi na usiku mmoja mbaya

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la dawa kuhusu levothairoksini, kile kidonge cha homoni ya thairoidi, yameongezeka, na mengi yanafanana kama mapacha. Mgonjwa ameongezewa dozi. Siku ya tatu moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi umekataa. Anapunguza dozi mwenyewe. Wiki ya pili mwili mzito, baridi imeingia mifupani, anairudisha. Kisha anakuja kupima damu, majibu hayaeleweki, na anayeulizwa kwa nini hayaeleweki ni sisi.

Hapa nazungumza na wanaotumia dawa hii kwa sababu tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imepungua kazi. Aliyetibiwa saratani ya tezi ana malengo mengine ya TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi hiyo kufanya kazi, na afuate ya daktari wake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huondoka kwa takriban siku saba. Ukipandishwa leo kutoka mikrogramu 75 hadi 100, baada ya wiki moja kiwango cha damuni kimesogea nusu tu ya safari yake, baada ya wiki mbili robo tatu, na kinakaribia kutulia kwenye wiki ya tano au ya sita. TSH nayo hutoka kwenye tezi ya ubongoni na huchelewa zaidi kuupokea ujumbe. Ndiyo maana tunapima baada ya wiki sita hadi nane. Si kwamba foleni ni ndefu. Na ndiyo maana kidonge ulichokiruka leo asubuhi hakiwezi kuwa ndicho kilichokutuliza leo jioni. Wanaotumia T3, yaani laiothironini, aina nyingine ya homoni ya thairoidi, ni habari nyingine: hiyo hupanda ndani ya saa chache na kushuka haraka, kwa hiyo mtu akisema moyo unaruka saa tatu baada ya kuimeza, tunalichukulia neno lake tofauti.

Mgonjwa mmoja alituletea daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, safi kuliko mafaili yetu. Safu ya kwanza tarehe, ya pili dozi, ya tatu hali. Ndani ya wiki saba dozi ilikuwa imebadilika mara tano: 100, 75, 100, 50, kisha "nusu na robo". Vile vya nusu na robo vilikuwa kwenye kibati kidogo, vimekatwa kwa wembe, vipande havilingani na unga umejaa chini. Damu tuliyochukua siku ile haikupima dozi yoyote kati ya hizo. Ilipima mchanganyiko wa zote. Hatukuwa na la kufanya ila kumrudisha kwenye dozi moja na kuanza kuhesabu wiki sita upya. Hatumtozi mtu faini kwa kubadilisha dozi kiholela, lakini adhabu yake ndiyo hiyo: saa inarudi sifuri, na kila ukigusa tena inarudi tena.

Kuna kosa jingine ambalo kusema kweli linatuchosha. Mtu anaona TSH yake iko juu ya kiwango, anahitimisha kwamba homoni imezidi, anapunguza dawa. Ni kinyume. TSH ni fimbo ya mchungaji: inapanda pale tezi inapokuwa mvivu na homoni ni kidogo, inashuka pale homoni inapozidi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0, na ukiona 9 maana yake unahitaji zaidi. Na TSH ikirudi kawaida maana yake dawa inafanya kazi. Haimaanishi umepona, uiache.

Sasa wasiwasi wenyewe. Tukimwambia mgonjwa kwamba huenda ana wasiwasi, wengi husikia "unajifanya". Hatusemi hivyo. Homoni ikizidi huleta wasiwasi, na ikipungua nayo huweza kuuleta, ndiyo sababu kukisia dozi kwa kufuata hisia hupoteza njia. Isitoshe, mtu ambaye moyo wake ulikuwa umepunguza mwendo kwa miezi, ukirudi kwenye mwendo wa kawaida anauona kama unakimbia. Anayeishi na hofu tangu kabla ya ugonjwa wa tezi husikiliza kila pigo, na pigo linalosikilizwa huwa kubwa.

Badala ya kubahatisha, hesabu. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima, andika. Fanya hivyo siku saba. Mapigo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Hofu ya ghafla kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka. Homoni iliyozidi haina adabu hiyo: mapigo hubaki juu hata mwili umetulia, joto halivumiliki, choo kinakuwa laini na cha mara kwa mara, uzito unashuka ilhali unakula. Hakuna mpaka wa wembe kati ya hali hizo mbili, na zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini daftari la mapigo ya wiki moja humsaidia daktari kuliko sentensi "sijisikii vizuri". Wasiwasi una matibabu yake, ya mazungumzo na ya dawa, na hayasubiri TSH inyooke. Wakati mwingine daktari huongeza propranololi kwa muda ili kutuliza mapigo na kutetemeka. Mwenye pumu aseme mapema, kwani dawa hiyo inaweza kumbana kifua.

Maumivu ya kifua, kuzimia, kuhema kwa shida, au mapigo yanayokwenda bila mpangilio: hayo hayasubiri wiki sita wala simu yetu. Nenda hospitali. Homoni iliyozidi huweza kuvuruga mwendo wa moyo, hasa kwa wazee, na ndiyo maana wao na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa mikrogramu 12.5 au 25 tu. Na aliyeanza dawa akazidi kudhoofika, anatapika, anapata kizunguzungu akisimama na ngozi inaingia weusi, aharakishe vilevile. Huenda tezi zilizo juu ya figo hazitoshelezi, na hizo hutibiwa kwanza.

Kabla ya kuilaumu dozi, tazama boksi. Lipo lililoandikwa mikrogramu 50 na lipo lililoandikwa miligramu 0.05, na ni dozi ileile. Tumepokea watu waliodhani wamepewa dawa pungufu wakameza mara mbili. Tazama pia mtengenezaji kama amebadilika. Nchini Ufaransa mwaka 2017 dawa moja ya levothairoksini ilibadilishwa viambato visivyo tiba, laktosi ikaondolewa, manitoli na asidi ya sitriki vikaingia, na maelfu ya wagonjwa wakaripoti kizunguzungu, uchovu na mapigo ya moyo. Kiasi cha homoni kwenye boksi hakikubadilika. Kwa hiyo ukipewa boksi jipya, mwambie mfamasia, na umwombe daktari akupangie kipimo.

Kumeza nako kuna utaratibu. Tumbo tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kahawa isubiri hapo. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali kwa saa nne. Anayeanza kumeza madini ya chuma pamoja na homoni yake atapata TSH iliyopanda, ataongezewa dozi, na siku akiacha yale madini dozi itakuwa imezidi.

Siku ya kupima, njoo asubuhi, usimeze kidonge cha siku hiyo mpaka damu itolewe, na tumia maabara ileile ikiwezekana. Anayetumia bayotini, ile ya nywele na kucha, aisimamishe angalau siku mbili kabla, kwani kwenye baadhi ya mashine huonyesha TSH ya chini na homoni ya juu isiyokuwepo. Fomu yetu ina mstari wa tarehe ya mwisho ya kubadilisha dozi. Karibu kila siku unarudi mtupu. Ujaze. Na kama umebadilisha mwenyewe, liandike hilo pia, hatutakufokea.

Upande wetu nao una deni. Wapo waliopandishwa mikrogramu 50 kwa mkupuo wakaambiwa watazoea. Mabadiliko ya kawaida ni ya 12.5 hadi 25, na kwa kuwa dawa inakaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza kupangiwa 75 leo na 100 kesho kwa kupokezana, bila wembe. Ikiwa mwili wako hustuka kila unapopandishwa, omba hatua ndogo. Kuomba si usumbufu. Kinachotutatiza ni kufanya kimyakimya.

Mjamzito yeye asingoje zamu yake ya kliniki. Mahitaji hupanda mapema, na wengi huongezewa vidonge viwili kwa wiki juu ya saba vya kawaida mara tu mimba inapothibitishwa, kisha hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito. Apige simu siku hiyohiyo.

Uliyesahau kidonge, kimeze ukikumbuka siku hiyo. Siku moja iliyopotea haiwezi kukuangusha. Na ukitupigia, anza na tarehe uliyobadilisha dozi mara ya mwisho, halafu ndiyo utusomee TSH.