Mvua haiui injini, ogopa dimbwi

Wengi huamini kwamba ukiweka kwenye gari bomba la kuvuta hewa baridi, linaloingiza hewa ya nje kwenye injini, lenye filta ya wazi, mvua ya kwanza tu itaua injini. Si kweli. Matone machache yanayopenya filta hugeuka mvuke ndani ya silinda na kutokea kwenye ekzosi. Hatari ni filta kuzama. Hapo injini hunyonya maji badala ya hewa, na maji hayashindiliki: pistoni ikipanda inagota, konrodi, mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, inapinda. Kwa hiyo chungulia filta imekaa wapi. Ikiwa chini, nyuma ya bampa, dimbwi la nusu tairi laweza kuifikia, hasa ukilivamia kwa kasi. Na gari likizimika majini, tafadhali usipige starti tena! Fundi afungue plagi kwanza, maji yatoke.