Je, wajua kwa nini Waingereza walihitaji miezi 20 kuondoka Suez?

Tarehe 19 Oktoba 1954, jijini Kairo, Gamal Abdel Nasser, waziri mkuu wa Misri, na Anthony Nutting, waziri mdogo wa Uingereza, walitia saini mkataba uliowapa wanajeshi wa Uingereza miezi 20 ya kuondoka kwa awamu katika eneo la Mfereji wa Suez. Miaka hiyo walikuwa wapata 80,000, ilhali mkataba wa 1936 kati ya Uingereza na Misri uliruhusu askari wa nchi kavu 10,000 tu. Meli hazikukosekana, na bandari ya Port Said ilikuwa karibu. Kwa nini basi wasiondoke kwa miezi miwili?

Jibu liko ghalani zaidi kuliko kambini. Askari huvaa shanta lake akapanda meli, lakini kituo cha Suez kilikuwa kama mji mzima, wenye karakana za magari na vifaru, viwanja vya ndege, mitambo ya kusafisha maji, na maghala kama yale ya Tel el-Kebir yaliyosheheni vipuri na zana. Kila shehena ilipaswa kuamuliwa kama itasafirishwa, itauzwa, itaharibiwa au itaachwa. Na maadamu ghala moja bado lina mali, lazima abaki mlinzi, na mlinzi huyo anahitaji mpishi, tabibu, dereva na maji safi. Ndiyo maana mpangaji makini huanzia mwisho: huuliza kwanza ni kikosi gani kitakachopanda meli ya mwisho na kitalindwa na nani siku hiyo, kisha hurudi nyuma awamu kwa awamu hadi siku ya kwanza. Akiwaondoa mafundi wa maji au walinzi mapema mno, waliobaki hujikuta hawawezi kukaa wala kuondoka. Uzito wa jambo hili Waingereza walikwisha kuuonja mwaka 1951, serikali ya Misri ilipoufuta mkataba wa 1936 na maelfu ya vibarua wa Kimisri wakaacha kazi kambini.

Kulikuwa pia na swali la kwenda wapi. Tangu 1947 Uingereza ilikuwa imejaribu kujenga maghala mbadala huko Mackinnon Road, kandokando ya reli ya Mombasa, lakini mradi huo ukaachwa baada ya miaka michache. Hatimaye makao makuu yalihamishiwa Kupro.

Upande wa siasa, naona awamu zilikuwa na faida kubwa kwa Misri, kwa kuwa kila kundi lililoondoka lilikuwa ushahidi kwamba ahadi inatimizwa. Uingereza nayo ilipata haki ya kuwaacha makandarasi wa kiraia watunze sehemu ya maghala kwa miaka saba, na ya kurudisha majeshi iwapo nchi ya Kiarabu au Uturuki ingeshambuliwa kutoka nje.

Askari wa mwisho waliondoka Port Said tarehe 13 Juni 1956, siku chache kabla ya muda kwisha. Mwezi uliofuata Nasser alitaifisha mfereji. Novemba Waingereza na Wafaransa waliuvamia mji uleule wa Port Said, wakalazimika kuondoka kabla ya Desemba kwisha. Mwanzoni mwa 1957 Misri iliufuta mkataba wa 1954, na mali iliyokuwa imebaki kwenye maghala ikawa mikononi mwake.