Kuprogramu ufunguo wa gari: unalipia nini hasa?

Ufunguo umetokana na kufungua, basi. Waganda nao wanauita ekisumuluzo, kutoka kusumulula, kazi ileile. Lugha zote mbili ziliutazama ufunguo enzi za mlango na kufuli, wakati kipande cha chuma chenye meno sahihi kilitosha. Ndiyo maana jirani yangu, aliyepoteza ufunguo wa Toyota Wish yake ndani ya msongamano wa soko la Owino jijini Kampala, hakuelewa kabisa alipotajiwa bei. Ule mpya alikuwa ameushika kiganjani: plastiki nyeusi, vitufe viwili, mwepesi kama kiberiti kilichobaki njiti tatu.

"Ssebo (bwana), pesa zote hizi ni za plastiki hii?"

Fundi alicheka. "Plastiki ni kidogo tu. Unalipia kutambulishwa."

Jibu hilo linaeleza maana ya kuprogramu ufunguo vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kusikia. Wengi tunadhani fundi anatengeneza ufunguo. Ukweli ni kwamba ufunguo anakuja nao tayari, umetoka kiwandani. Anachofanya ni kulishawishi gari liuingize kwenye orodha ya funguo linazozijua. Orodha hiyo imo ndani ya kompyuta ya gari, na ugumu wote, gharama yote, na ubishi wote na fundi unatokana na swali moja: nani ana ruhusa ya kuiandika?

Zamani hapakuwa na orodha. Ukichongesha nakala Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, nakala inafungua mlango na inawasha injini, iwe mikononi mwako au mwa mwizi. Wezi walipowachosha watengenezaji na kampuni za bima, ikaja imobilaiza, yaani kizuizi cha kuwasha injini. Ulaya iliifanya kuwa lazima kwa magari mapya mwaka 1998, Kanada ikafuata mwaka 2007. Kwenye kichwa cha ufunguo ikafichwa chipu ndogo isiyo na betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna waya uliosokotwa kama pete, unaotoa mawimbi ya takriban kilohezi 125. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kuamka na kujitaja. Kompyuta isipoitambua, inazuia mafuta au moto wa plagi. Starta inaweza kulia, injini ikashika nusu sekunde, ikazima. Ukiona hivyo baada ya kuchongesha nakala ya bei nafuu, fundi wa kuchonga hakukosea meno. Chuma kiko sawa, ila hakijulikani.

Chipu za mwanzo zilitaja namba ileile kila mara. Za baadaye zikawa na mahojiano: gari linatoa namba ya kubahatisha, chipu inaikokotoa kwa siri ambayo wao wawili tu wanaishiriki, kisha inarudisha jibu. Kesho swali litakuwa jingine. Rimoti ya mlango nayo inabadilisha msimbo kila unapobonyeza, ili anayenasa mawimbi leo asiyatumie kesho. Mojawapo ya mifumo iliyosambaa zaidi duniani kwa kazi hiyo, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kampuni ya Nanoteq, ikauzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuambiwa kila kitu cha gari kimetoka Japani.

Ufunguo janja, ambao mafundi wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, wanauita smati kii, umeongeza jambo moja: hauutoi mfukoni. Mercedes-Benz iliuweka kwenye S-Class mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo uko hata kwenye vigari vidogo. Ukigusa kitasa cha mlango, gari linaita kwa mawimbi ya chini yasiyofika mbali, kama mita moja hivi. Ufunguo unaamka na kujibu kwa masafa ya juu. Ndani ya gari kuna antena nyingine, ndizo zinazojua kama ufunguo umeingia nawe au umebaki nje kwenye meza ya chai. Ukikanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia, mahojiano yanarudiwa upya. Usukani hauachiwi na injini haiwaki mpaka jibu liwe sahihi.

Sasa turudi kwenye kutambulishwa. Aliyewahi kuhudhuria kwanjula huko Buganda ataelewa haraka. Bwana harusi hajiingizi nyumbani kwa wakwe akasema mimi ndiye. Ssenga, shangazi wa binti, ndiye anayemtoa miongoni mwa wageni na kumwonyesha kwa wazee, kwa sababu ssenga ni mtu wa nyumba ile na neno lake linasikika. Gari nalo lina ssenga wake, nao ni ufunguo unaofanya kazi. Ukiwa na mmoja mzima na unataka wa pili, fundi anachomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, anachagua kuongeza ufunguo, gari linaomba lionyeshwe ule wa zamani, kisha linaonyeshwa ule mpya. Mlio mmoja au miwili, kazi imekwisha. Kwenye Toyota nyingi unaweza kuongeza hadi funguo saba. Ni kazi ya dakika chache, na bei yake huwa ya kuzungumzika.

Zikipotea zote, hakuna ssenga. Hapo ndipo bei inapopanda, na fundi hakuibii. Magari mengine yanakubali kufutiwa orodha yote kupitia soketi ileile, lakini yanamsubirisha kwanza: baadhi ya Toyota zinataka dakika kama 16 za kukaa tu mkikodoleana macho na kioo cha mashine. Nissan nyingi zinadai namba ya siri ambayo mashine lazima iikokotoe kutoka kwenye kompyuta ya bodi ya gari. Mengine hayakubali chochote kwa soketi. Fundi inambidi afungue dashibodi upande wa abiria, atoe kisanduku cha mfumo wa ufunguo, asome chipu ya kumbukumbu moja kwa moja kwa vibanio au kwa kuichomoa kabisa, halafu airudishe. Mkono ukitetemeka, kisanduku kimekufa. Betri ya gari nayo ikishuka katikati ya kuandika, matokeo yanaweza kuwa hayohayo, ndiyo sababu fundi mzuri huunganisha chaja kabla hajagusa lolote. Mimi nikimwona fundi anaanza kazi ya namna hii bila kupima betri, namwomba anywe chai kwanza tuongee.

Na hapa pia ndipo linapojibika swali la kwa nini kazi hii imekuwa ya kutembea. Gari lisilo na ufunguo haliendi kwa fundi. Usukani umejifunga, gia ya otomatiki imekwama kwenye P, na brekidauni italazimika kulinyanyua au kuliburuta kwa namna ya kuumiza. Kulibeba kutoka Luweero hadi Kampala kunaweza kukugharimu zaidi ya ufunguo wenyewe. Mashine ya kuprogramu, kwa upande mwingine, inaingia kwenye begi la mgongoni, na mashine ya kuchonga inakaa vizuri kwenye buti au hata nyuma ya bodaboda. Mlango fundi anaufungua kwa kifaa chembamba kinachoingia kwenye tundu na kusoma kina cha kila kijino bila kuvunja kitasa, na vipimo hivyohivyo ndivyo anavyochongea kile chuma cha dharura kinachofichwa ndani ya ufunguo janja. Kwa jirani yangu umbali ulikuwa mfupi, Owino na Kisekka ni pua na mdomo. Fundi alikuja kwa miguu.

Kosa ninalolijua kwa undani ni langu mwenyewe. Gari langu lilitoka Japani na ufunguo mmoja, kama yanavyokuja mengi kutoka minadani kule. Lilinipokea kwa sauti ya mwanamke akinieleza kwa Kijapani kila asubuhi kwamba kadi ya ETC ya barabara za kulipia haijawekwa, lakini kuhusu ufunguo wa pili hakusema neno. Nikanunua mmoja uliotumika kwa mchuuzi, unafanana na wangu mpaka alama ya kiwanda, nikajiona mjanja. Fundi aliufungua, akasoma namba iliyochapwa kwenye bodi, kile kibao cha saketi kilicho ndani, akaurudisha mezani. Ulikuwa na matatizo mawili. La kwanza, ulikuwa wa soko la Ulaya, unajibu kwa megahezi 433, wakati magari ya Japani husikiliza karibu na 315. Ni sawa na kumwita mtu kwenye idhaa asiyoisikiliza. La pili, ulishawahi kuandikishwa kwenye gari jingine, na ufunguo janja wa Toyota ukishaandikishwa hujifunga kwa gari hilo. Kuna mashine zinazoweza kuurudisha uwe mtupu, kwa baadhi ya bodi, lakini masafa hayabadiliki kwa kubembelezwa. Tangu siku ile, kabla ya kununua, natazama namba ya bodi, sitazami umbo.

Kabla hujampigia fundi yeyote, jaribu hili. Ufunguo unaotumika kila siku hula betri, nayo ni kidonge cha volti 3, mara nyingi CR2032 au CR1632, kinachouzwa hata kwa mafundi saa. Kikidhoofika gari linakuwa kama limekusahau: mlango haujibu, dashibodi inadai hakuna ufunguo. Watu wamelipia kuprogramu kumbe walihitaji kidonge. Chomoa kile chuma cha dharura, fungua mlango kwa mkono, kaa, kanyaga breki, kisha gusisha upande wenye nembo wa ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia. Ndani ya ufunguo bado imo chipu isiyohitaji betri, kama ile ya mwaka 1998, na nyuma ya kitufe upo waya wa kuiamsha. Ukisikia mlio, bonyeza ndani ya sekunde chache. Gari likiwaka, orodha haina tatizo, nenda ukanunue betri. Na kama limegoma ukiwa umeegesha jirani na minara ya redio, kama kule Kololo, liwashe kwa njia hiyohiyo kabla ya kulaumu chochote, maana mawimbi makali huweza kuufunika ufunguo.

Suala la wizi linasemwa kwa chumvi nyingi. Ni kweli kwamba watu wawili wenye vifaa vya kurefusha mawimbi wanaweza kuliaminisha gari kwamba ufunguo ulio sebuleni uko mlangoni. Klabu ya magari ya Ujerumani, ADAC, ilionyesha hilo kwa magari zaidi ya ishirini mwaka 2016. Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana linasaidia, jaribu mwenyewe kwa kuuweka ndani na kugusa kitasa. Lakini kwa hali yetu, mimi huhofia zaidi ufunguo ulioachwa kwenye woshingi bei, pale magari yanapooshwa, siku nzima, na fundi asiyeuliza maswali. Mashine inayomsaidia mwenye gari aliyepoteza funguo zote ndiyo hiyohiyo inayomfaa asiye na gari. Fundi wa jirani yangu alidai kuona logbuku (hati ya umiliki wa gari) na ndagamuntu (kitambulisho cha taifa) kabla hajafungua begi. Jirani alinuna, hati zilikuwa nyumbani Kawempe, mke wake akazituma picha kwa WhatsApp na fundi akasema picha hazimtoshi. Bodaboda ikatumwa. Tulipoteza saa nzima, na kwa maoni yangu ilikuwa saa iliyotumika vizuri kuliko zote siku ile.

Jambo ambalo wateja wengi hawaliulizi ni ufunguo uliopotea. Kuongeza mpya hakuondoi wa zamani. Kama haukufutwa, popote ulipo bado uko kwenye orodha, na atakayeuokota anahitaji tu kuzunguka maegesho akibonyeza. Mwambie fundi afute zote na aandike upya zilizo mkononi mwako, kisha mtake akuonyeshe kwenye kioo cha mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa. Namba hiyo ilingane na ulizoshika. Jirani yangu alitoka na mbili, kioo kikaandika 2.

Siku tisa baadaye alipigiwa simu na mama mmoja anayeuza mitumba Owino. Ufunguo ulikuwa umeangukia ndani ya mfuko wa koti kwenye lundo lake, na namba ya simu alikuwa ameiona kwenye kibandiko kilichofungwa kwenye pete. Tulienda pamoja kuuchukua, akampa mama yule pesa ya soda. Kwenye maegesho akaubonyeza, gari likanyamaza. Akagusa kitasa, kimya. Akauchomoa ule mchongo wa chuma, akauingiza kwenye tundu la mlango, akauzungusha, na mlango ukafunguka bila ubishi.

Alinitazama. Akapiga simu kwa fundi, akiwa bado ameshika mlango wazi, kuuliza bei ya kubadilisha kitasa.